Simu ikiwaka, nani mwingine anaamka nayo? Habari ya app zinazojiwasha zenyewe

Mama mdogo wangu yuko Tanga, ana simu ya RAM GB 2 (RAM ni kile chumba cha muda ambamo app zinazofanya kazi hukaa) aliyokaa nayo miaka sasa, na ana tabia moja ambayo naamini wengi wenu mnayo, kila akimaliza jambo lake anabonyeza pale panapoonyesha app zilizofunguliwa halafu anazifagia zote, moja baada ya nyingine, juu, juu, juu, mpaka skrini inabaki tupu ndio roho inatulia. Anafagia simu kama anavyofagia uwanja asubuhi. Na simu bado nzito, sasa anafagia zaidi, na inazidi kuwa nzito.

Siku moja nipo kwake umeme ukakatika mchana kutwa, chaji ikaisha, simu ikazima. Umeme uliporudi akaichomeka, akaiwasha, mimi nimekaa pembeni naangalia tu. Nembo ya kampuni ikaja ikakaa pale, PIN ikaulizwa, akaiweka, picha ya wajukuu kwenye skrini ikaonekana na hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Unagusa hakuna kitu. Unagusa tena, kimya. Notifikesheni zinamwagika, simu inatetemeka, WhatsApp kaibonyeza mara nne, ikafunguka, ikajifunga yenyewe, halafu ikafunguka tena peke yake wakati yeye keshahamia kwenye namba za simu. Kwa saa ya ukutani ilikuwa dakika mbili na ushee. "Mwanangu hii imeingia virusi." Haikuwa virusi hata kidogo, ilikuwa foleni.

Sasa ngoja nieleze hiyo foleni inatoka wapi maana watu wengi wanapambana na app zilizofunguliwa wakati mchawi ni zile zinazojiamsha zenyewe, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ukibonyeza batani ya kuwasha simu ya Android kinachoamka kwanza ni kiini cha mfumo, Linux hiyo hiyo inayoendesha seva kubwa kubwa, halafu kinakuja kitu kinaitwa Zygote. Hiki nakipenda. Fikiria mtu anapika chapati za biashara, hakandi unga upya kwa kila chapati, anakanda donge moja kubwa asubuhi halafu anamega. Zygote ndio donge. Vitu vyote ambavyo kila app itavihitaji vinapakiwa mara moja pale, kisha app yoyote ikitaka kuanza inamegewa kutoka humo, ndio maana zinafunguka haraka kuliko ambavyo zingefunguka kama kila moja ingejikandia. Baada ya hapo zinaamka huduma za mfumo wenyewe, mtandao, sauti, skrini, mwisho unaona sehemu ya kuweka PIN.

Hapo sasa. Tangu Android 7, mwaka 2016, mafaili ya app nyingi yanabaki yamefungwa mpaka uweke PIN kwa mara ya kwanza baada ya kuwasha. Chache tu zinaruhusiwa kufanya kazi kabla ya hapo, mfano saa ya kukuamsha, ili simu ikijizima na kujiwasha usiku kengele yako ilie hata kama hujaigusa. Hao wengine wote wamesimama nje ya mlango wanasubiri. Wewe ukiweka PIN mfumo unapiga mbiu, kwa lugha ya mafundi inaitwa BOOT_COMPLETED, yaani "jamani simu imeshawaka". La mgambo likilia kuna jambo, na hili likilia kila app iliyojiandikisha kulisikia inaamka. Ya benki inaamka, ya mikeka ya kubeti inaamka, ile ya kuhariri picha uliyoiweka kwa ajili ya harusi ya mwaka juzi nayo inaamka inasugua macho. Kwenye simu ya GB 8 huoni kitu, zinaamka zinafanya yao zinalala. Kwenye GB 2, ambayo mfumo wenyewe umeshakula sehemu kubwa, ni daladala la saa kumi na mbili jioni.

Na kinachofanya simu igande, sio kuchelewa tu bali kuganda, ni hiki. RAM ikijaa kuna kondakta ndani ya Android kazi yake kushusha abiria. Anaanza na wale wasio na haraka, app uliyoitoka zamani, anapanda taratibu kuelekea ile unayoitazama. Ila kati ya wanaoshushwa wapo waliomwambia dereva "nikishuka nirudishe", kwa hiyo wanashushwa mlango wa nyuma wanapanda wa mbele, na kila anayepanda lazima mwingine ashuke. Wakati huo huo simu inajaribu kubana vitu vilivyopo kwenye RAM ili vikae vingi, kama unavyokalia begi la nguo ili zipu ifunge, na kubana kunakula nguvu ya prosesa, yaani ubongo wa simu. Prosesa yenyewe ya bei nafuu. Kwa hiyo ukigusa skrini, kidole chako nacho kimepanga foleni.

Swali ambalo mama mdogo aliuliza, na ni zuri: kwani zinaamka za nini, nani kaziita?

Nyingine zina sababu ya maana kabisa. App ikitaka kukukumbusha kitu saa fulani inamwachia mfumo kengele, "niamshe saa kumi na dakika arobaini". Kengele hizo zikae wapi? Kwenye kumbukumbu ya mfumo unaoendelea kufanya kazi, na simu ikizimwa zinafutika zote. Zote. Kwa hiyo njia ya app kuzirudisha bila wewe kuifungua ni kuisikia ile mbiu, kuamka kidogo, kupanga kengele zake upya na kulala. Hilo ndilo kusudi la msingi na ni halali. App ya kukumbusha dawa, ya mzunguko wa mwezi, ya ratiba ya masomo, zote ziko hapo.

Mimi hili nilikuwa nalijua kwenye karatasi, nikalijua vizuri zaidi kesho yake alfajiri. Maana jioni ile kwa ujuaji wangu niliingia kwenye setingi nikazima kujiwasha kwa kila kitu, kila kitu, nikaizima simu na kuiwasha ili mama mdogo aone maajabu. Akayaona kweli, ikawaka ikakaa tayari chap. Tukalala. Ana app ya nyakati za swala inayomwamsha dakika kumi kabla ya adhana ya alfajiri ili apate muda wa kutawadha, na kwa kuizima na kuiwasha simu nilikuwa nimezifuta kengele zake zote na wakati huo huo nimemfungia nje aliyetakiwa kuzipanga upya. Alishtushwa na muadhini wa msikiti wenyewe. Nilikuta ujumbe mezani pamoja na chai: simu ni nyepesi sana, sasa rudisha uzito wangu.

Kwa hiyo hapa kazi yako ni kuchagua, sio kuzima kila kitu. Na kuchagua ni kazi yako kwa sababu hakuna anayekuuliza. App ikitaka kamera inakuomba, ikitaka kujua ulipo inakuomba, ila ikitaka kuamka na simu haikuombi, inaandika tu kwenye karatasi zake kwamba itafanya hivyo na ukishaiweka imepita. Ndio maana wenye sababu nzuri na wasio na sababu wanaingia mlango mmoja. Gemu linataka nini saa simu inawaka? Linataka kukutumia notifikesheni kwamba wanajeshi wako wamepona. App ya kununulia viatu inataka kukwambia kuna ofa.

Turudi kwenye kufagia, maana najua bado hujaniamini. Kile unachokiona ukibonyeza batani ya app zilizofunguliwa sio orodha ya app zinazofanya kazi. Ni kama albamu ya picha, picha za mwisho za mahali ulipopita. Nyingine humo zimeshauawa zamani, imebaki picha tu. Nyingine ziko kwenye RAM lakini zimelala fofofo hazigusi prosesa, na Android za miaka ya karibuni zinazigandisha kabisa. Zipo pale ili ukizirudia zifunguke upesi, na RAM ikihitajika kondakta anazishusha mwenyewe bila wewe kunyoosha kidole. Ukizifagia zote halafu baada ya dakika tano ukaifungua WhatsApp, inaanza moja, donge linamegwa, mafaili yanasomwa upya kwenye diski, yaani stoo ya simu inayokaa app, picha na video, ambayo kwenye simu za bei ya chini ndio mzee wa ukoo kwa mwendo. Kufagia kunaongeza kazi. Halafu wale wanaojiamsha, wao hata hawapo kwenye hiyo albamu, hujawafungua wewe, utawafagia vipi?

Kwa kumbukumbu tu, mkanganyiko huu ni wa zamani kuliko simu zetu. Wale waliowahi kushika Pocket PC, zile kompyuta za mkononi za Microsoft zilizoanza mwaka 2000 na kale kakalamu kake, watakumbuka ile X ya kwenye kona, unaibonyeza ukidhani umefunga programu, kumbe umeificha tu, iko chini huko inakula kumbukumbu. Watu walilalamika, zikatengenezwa programu nyingine za kuifanya X ifunge kweli. Na kule kujiwasha kulikuwa na folda kabisa, inaitwa StartUp, ndani ya folda ya Windows, unaifungua unaona nani anaamka na mashine, usiyemtaka unamtoa. Kiukweli kwa hilo walituzidi. Android haina folda kama hiyo na ndio maana tunahangaika.

Google nao hawajakaa kimya lazima tuseme. Zamani app zilikuwa zinaamshwa hata ukiwasha data tu, yaani kila ukitoka kwenye wai-fai kwenda kwenye bando, makumi ya app yanaamka kuulizana kuna nini, hilo likakatwa kwenye Android 7. Mwaka 2015 kwenye Android 6 ilikuja ile simu ikilala mezani bila kuguswa nayo inazilaza app. Android 8, mwaka 2017, ikabana kazi za chinichini na mbiu nyingi za mfumo zikapigwa marufuku, ila angalia, ile mbiu ya kuwaka ikaachwa, ikapewa msamaha kwa sababu ya zile kengele nilizosema. Android 12 ikaanza kuzilaza usingizi mzito app ambazo hujazigusa kwa miezi. Android 13 ikaongeza kitu kitamu nitakirudia hapa chini. Android 15, mwaka 2024, ikazuia baadhi ya kazi nzito zisianzishwe na app iliyoamshwa na hiyo mbiu. Kwa hiyo mwenye simu mpya ana nafuu. Mama mdogo yuko Android ya zamani, na apdeti hazijafika na hazitafika.

Haya tufanye kazi. Kabla hujazima chochote fanya kipimo kimoja ambacho watu hawakijui na ni bure, iwashe simu kwa hali salama, ile sefu modi. Kwenye simu nyingi unashikilia batani ya kuzima mpaka yale maneno ya kuzima yatokee kwenye skrini, halafu maneno yenyewe unayabonyeza kwa muda bila kuachia, itakuuliza kama unataka hali salama, unakubali. Simu itawaka bila kuziruhusu app zote ulizoziweka mwenyewe. Ikiwa humo inateleza na huku kwa kawaida inaganda, basi jibu unalo, tatizo ni app zako. Ikiwa hata humo ni nzito, hapo ni diski imejaa, au kifaa chenyewe kimezeeka, au vile vilivyokuja na simu kutoka kiwandani, usipoteze jioni yako kuzima mikeka. Tahadhari ndogo, vile viwijeti, visanduku vya saa au hali ya hewa ulivyopanga kwenye skrini ya mwanzo, vinaweza kupotea, itabidi uvipange tena. Kutoka humo unaizima na kuiwasha kawaida.

Ukishajua ni app, simu yako ni ya kampuni gani? Xiaomi, Oppo, vivo, Huawei wana ukurasa wao wa kujiwasha ndani ya setingi au ndani ya app yao ya usalama, Tecno na Infinix utaukuta ndani ya app yao ya Phone Master. Ni orodha ya app na swichi pembeni, rahisi tu. Samsung hana orodha ya hivyo, ana kitu cha kulaza app kwenye upande wa betri, kuna kulala na kulala usingizi mzito, huo mzito ndio unaoutaka kwa wale wasumbufu. Simu zenye Android tupu, isiyoongezewa mambo ya kampuni, hazina hata kimoja, lakini ukiingia kwenye taarifa za app, upande wa betri, utaona pa kuiwekea kizuizi. Na hapa ndipo ile ya Android 13, app uliyoiwekea kizuizi cha betri, kama imetengenezwa kufuata taratibu za toleo hilo, haiisikii ile mbiu mpaka pale kitu kingine kitakapoianzisha, mfano wewe kuifungua.

Na kuna silaha moja iko kwenye kila simu tangu Android 3.1 ya mwaka 2011, kile kitufe cha kuilazimisha app isimame, fosi stopu. Wengi wanadhani ni kufagia kwa hasira. Hapana. Ukiifosi stopu, mfumo unaiandika kwenye daftari kwamba hii imesimamishwa na mwenye simu, na ikiandikwa hivyo haisikii mbiu yoyote hata ukizima na kuwasha mara kumi, mpaka siku uifungue kwa mkono wako. Kwa app unayoitumia mara mbili kwa mwaka na hutaki kuifuta, hiyo ndio dawa. Ila usije ukamfanyia hivyo WhatsApp halafu ukalalamika kwamba watu hawakutumii meseji. Meseji za app nyingi zinapita kwenye bomba moja la Google, WhatsApp haina haja ya kukesha macho kuzisubiri, bomba ndilo linaloiamsha meseji ikifika. Lakini app iliyosimamishwa kwa nguvu hata bomba haliiamshi. Na kwenye baadhi ya simu ukizima kujiwasha tu unapata matokeo hayo hayo, kimya mpaka uifungue.

SMS za kawaida haziko kwenye mkumbo huu, za M-Pesa na wenzake zitaingia tu, tulia.

Zile zilizokuja na simu, zisizofutika, nyingi zina batani ya kuzizima moja kwa moja, ikiwa ina rangi ya kijivu haibonyezeki basi hiyo mfumo unaihitaji au kampuni inaitaka, ipishe. Na kama simu yako ni ya mkopo, unalipa kidogo kidogo, ile app ya mkopeshaji inaamka na simu na haizimiki kwa makusudi mazima, usianze kuipekenyua, maliza deni. Kibodi, pazia la skrini linalocheza, launcha ya urembo (app inayobadilisha sura ya skrini ya mwanzo), hizi nazo zinaamka kila mara kwa sababu simu haiwezi kukaa bila kibodi wala bila skrini ya mwanzo. Ukiwa na GB 2 na picha ya ukutani ya samaki wanaoogelea, samaki hao wanakula chumba.

Ukichimba kwenye menyu ya madevelopa, yaani watengeneza app, ile ya kugusa namba ya toleo mara saba, utakuta sehemu inayoonyesha huduma zinazofanya kazi sasa hivi na kila moja imekalia MB ngapi. Hiyo ndio albamu ya kweli. Ifungue dakika moja baada ya kuwasha simu, sio jioni, utawakuta wote bado wamekaa kitini. Humo humo kuna setingi ya kuweka kikomo cha app za chinichini na watu wanaipenda sana wanaiweka sifuri, mimi siipendi, inaua bila kuchagua na hata hivyo ukizima simu inarudi ilivyokuwa.

Zile app za kusafisha RAM, zenye roketi na asilimia, sitaki kuzungumza sana. Jiulize tu roketi lenyewe linawezaje kuwa tayari kila unapowasha simu. Naam, nalo linaisikia mbiu. Na ile "RAM ya kuongeza" inayoandikwa kwenye maboksi siku hizi, GB 4 jumlisha GB 4, ni sehemu ya diski inayokopwa kuwekea vitu ambavyo havijatumika karibuni. Inasaidia app zisishushwe mapema, lakini diski haiwi RAM, ni sawa na kuwa na stoo nje ya nyumba, chumvi ipo lakini ukiitaka utatembea. Diski ikiwa imejaa picha na video za magrupu mpaka pumzi ya mwisho, zima hiyo nyongeza, futa vitu, utaona tofauti kuliko swichi zote nilizotaja.

Kwa mama mdogo tulikaa chini mara ya pili, tukapita app moja moja, mimi nauliza yeye anajibu. Hii inakukumbusha kitu? Hii inaleta meseji za mtu? Ukiifungua mwenyewe ikachelewa sekunde tatu utaumia? App ya swala ikarudi, WhatsApp ikarudi, kibodi ikabaki, redio ikazimwa kwa maana anaifungua mwenyewe, mbili za mapishi zikazimwa, roketi likafutwa, na moja hakuna aliyejua ni ya nini wala iliingia lini, hiyo tukaifosi stopu tukaiangalia wiki nzima na hakuna aliyeiulizia. Umeme ukakatika tena siku ya Jumapili, ikazima, ikawaka, akaweka PIN na akapiga simu papo hapo kunisimulia.

Kufagia bado anafagia. Hilo nimeliacha.